Injini ya Boti Inayopiga Teke

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana. Uwanja wetu wa ufundi hapa Gatina, Kawangware, umeshika maji upande wa choo kama kila mwaka. Nimetengeneza pampu mbili na jenereta ya kinyozi.

Jumatano, 11 Machi

Imeletwa injini ya boti.

Nimekuwa fundi wa injini ndogo miaka kumi na miwili na sijawahi kuigusa ya boti. Kwetu Kitui hakuna maji ya kutosha kuelea hata sufuria. Hii ni ya zamani, nguvu za farasi kumi na tano, silinda mbili. Rangi imebabuka. Imetoka Busia kwa lori la mahindi, imefungwa ndani ya blanketi kama mgonjwa.

Aliyeileta ni Nasike, mama anayeuza mboga Soweto East, Kibera. Injini ni ya kanisa la kwao, kando ya mto. Mto ukifurika, boti hiyo ndiyo huvusha watoto kwenda shule na akina mama kwenda kliniki. Ndugu yake, Wanzala, ndiye aliyekuwa nahodha.

"Inapiga teke," Nasike alisema. "Ukivuta kamba ya kuwasha, inarudi na mkono wako."

Boaz Murunga aliizunguka injini, akacheka. Boaz ndiye aliyenifundisha kazi. Ana miaka sitini na miwili, na kabla ya Nairobi alitengeneza injini za boti ziwani kwa miaka kumi na mmoja. "Hii naijua," alisema. "Mimi mwenyewe nilienda nikaifunga kanisa lilipoinunua. Miaka minne sasa."

"Ndiyo maana nimekuletea," Nasike alisema.

Kisha akatueleza. Mwezi wa kwanza Wanzala alikuwa anawasha injini, boti ikiwa na watoto. Kamba ikarudi, ikamvunja kifundo cha mkono. Boti ikachukuliwa na maji, ikagonga mti, na msichana wa gredi ya nne akaanguka mtoni. Alitolewa mzima. Lakini kanisa likasema Wanzala alikuwa amelewa, likamwondoa mbele ya watu wote.

"Ndugu yangu hajawahi kuonja hata busaa," alisema. "Sitaki tu mnitengenezee. Nataka kujua kwa nini. Shule zikifunguliwa mwisho wa mwezi wa nne, injini iwe imerudi. Na mkisema haikuwa na shida, basi yeye ndiye shida, na hatarudi kwa hiyo boti."

"Dada yangu," Boaz alimwambia, "injini haina chuki na mtu. Mkono ukilegea, kamba inarudi."

Nilimwona kama mtu msumbufu.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Hakuna kazi.

Jumamosi, 14 Machi

Boaz ameanza injini ya boti. Ameniita nione.

Anafundisha vizuri, hilo namkubalia. Juu kabisa kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili, linalozunguka pamoja na injini. Chini yake kuna pointi, vipande viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Vikiachana tu, cheche inaruka kwenye plagi. "Sasa sikiza," alisema. "Pistoni inapanda. Cheche ikiruka ikiwa imekaribia kufika juu, moto unaisukuma ishuke mbele, injini inazunguka. Cheche ikiruka mapema sana, pistoni bado iko njiani. Moto unaisukuma irudi ilikotoka. Hilo ndilo teke."

Flaiwili ina dirisha dogo, na kupitia hapo alipima nafasi ya pointi kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia. Kisha akalinganisha alama iliyochongwa kwenye flaiwili na alama ya mwilini mwa injini.

"Hatuitoi flaiwili tuone chini?" nikauliza.

"Ya nini? Niliikaza mwenyewe."

Jumanne, 17 Machi

Nasike amekuja. Ameketi kwenye benchi ya wateja tangu saa nne hadi saa kumi, gunia lake la sukuma wiki miguuni. Hakuna fundi anayependa kuangaliwa hivyo.

Ijumaa, 20 Machi

Amekuja tena. Boaz amemwambia kesho tutaiwasha, aje aone.

Jumamosi, 21 Machi

Tulijaza pipa maji, tukafunga injini kwenye ubao juu yake, propela ndani ya maji. Mvua ilikuwa imetulia. Mafundi wa kuchomelea wa jirani waliacha kazi wakaja kutazama, maana Kawangware si mahali pa kuona injini ya boti.

Boaz alivuta mara ya kwanza. Kimya. Mara ya pili ikawaka, ikatoa moshi wa bluu, maji yakaruka kutoka kwenye pipa hadi kwa viatu vyetu. Watu wakapiga makofi. Aliiacha ingurume kama dakika mbili, akaizima, akamgeukia Nasike.

"Umeona? Ni mkono tu. Mtu akisimama vizuri, akavuta kwa nguvu moja bila kuogopa, haiwezi kumfanya kitu. Ndugu yako alivuta kama mtu anayefunga pazia."

"Washa tena," Nasike alisema.

"Si umeona?"

"Nimeona mara moja. Wanzala alikuwa anawasha mara kumi kwa siku."

Boaz alitikisa kichwa, akashika mpini wa kamba, akavuta. Nilikuwa karibu kuliko wote na nitaandika nilichokiona. Flaiwili ilizunguka nusu, ikasimama, ikarudi nyuma kwa kasi ambayo jicho halikuifuata. Kamba ilimvuta Boaz hadi kifua chake kikagonga injini. Mpini haukutoka mkononi. Nilisikia mfupa. Sikudhani mfupa wa mtu mzima unaweza kusikika katikati ya kelele za uwanja.

Hakupiga kelele. Aliketi chini kwenye tope akiushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akasema, "Nilikuwa nimesimama vibaya."

Nasike ndiye aliyevua leso yake akamfunga mkono. Alijua kuifunga, vidole vikiwa juu, na kisu cha mboga kikiwa gango la kuushikilia mfupa. Pengine alijifunzia kwa ndugu yake, sikumuuliza. Hakumwambia Boaz neno lolote juu ya kufunga mapazia.

Nilimpeleka hospitali. Kifundo kimevunjika mahali pawili.

Jumatatu, 23 Machi

Boaz yuko nyumbani kwake Kabiro na plasta hadi kiwiko. Niko peke yangu. Kazi: pampu ya maji, mashine ya kukata nyasi. Injini ya boti bado iko juu ya pipa na watu wanaizunguka kwa mbali.

Jumatano, 25 Machi

Leo nimeifungua.

Sikuanza na alama. Niliweka alama pembeni kabisa, nikajifanya hazipo. Nilitoa plagi ya silinda ya kwanza, nikaingiza kizuizi kwenye tundu lake ili pistoni ikipanda ikigonge isimame. Nikazungusha flaiwili kwa mkono upande wa kulia mpaka ikasimama, nikachora kwa chaki. Nikazungusha upande wa kushoto mpaka ikasimama, nikachora. Katikati ya hizo chaki mbili ndipo pistoni iko juu kabisa. Huo ni ukweli ambao injini haiwezi kuupinga.

Alama ya flaiwili ilikuwa mbali na hapo kwa upana wa kidole changu.

Nilirudia mara tatu. Upana wa kidole.

Basi nikatoa nati. Nilitarajia kuning'inia kwenye spana, lakini ililegea kwa mkono mmoja. Nikaivuta flaiwili kwa pula, chombo cha kung'olea, ikatoka, na chini yake nikaona kii. Hicho ni kipande kidogo cha chuma, kama punje ndefu ya mchele, kinachoishikilia flaiwili isiteleze kwenye shafti, mhimili wa injini. Kilikuwa kimekatika katikati na nusu moja imesogea. Propela iligonga jiwe au gogo siku moja, shafti ikasimama, flaiwili ikasonga mbele kidogo, ikakaa hapo. Kuanzia siku hiyo taimingi ilikuwa imeharibika, cheche ilikuwa inaruka mapema. Mtu angeweza kulinganisha alama mpaka Krismasi, bado ingekuwa inaruka mapema.

Nilikitoa kile kipande kwa koleo. Si kii ya dukani. Kina kutu ya msumari na mistari ya tupa.

Nikakumbuka kwamba miaka minne iliyopita, wiki Boaz alipokuwa anasafiri kwenda kwao, aliniomba msumari wa inchi sita. Nilimpa. Sikuuliza wa kazi gani.

Nimekiweka ndani ya kiberiti.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua kubwa sana. Maji yamefika kwenye mguu wa benchi. Nimeinua jenereta zote juu ya meza.

Jumapili, 29 Machi

Baada ya kanisa nilienda Kabiro. Mke wa Boaz, Rachael, alinifungulia akasema mzee hataki kula. Boaz alikuwa ameketi kitandani. Nilimpa kiberiti. Alikifungua kwa mkono mmoja, akaangalia, akakifunga.

"Kii yoyote ingekatika," alisema. "Propela imegonga jiwe."

"Labda."

"Hata ya dukani hukatika."

"Labda. Lakini nati pia ilikuwa imelegea."

Rachael alikuwa anasonga ugali upande wa pili wa pazia na mwiko ulisimama.

"Umemwambia yule mama?"

"Bado."

"Basi usimwambie. Weka kii mpya, panga taimingi, irudi kwao ifanye kazi. Nani ataumia?"

"Wanzala."

"Mkono wake utapona."

"Si mkono nazungumzia."

Aliniangalia kama alivyoniangalia mwaka wa kwanza, nilipoharibu kabureta ya mteja. "Ngina, pale uwanjani watu wanakuja kwa jina langu. Na jina hilo si langu peke yangu. Unakula kwa hilo jina."

Ni kweli. Nilirudi Gatina kwa miguu.

Jumatano, 1 Aprili

Nimeagiza kii halisi kutoka Kisumu. Itakuja kwa basi.

Jumamosi, 4 Aprili

Nasike alikuja, na kesho ni Pasaka. Alikuwa ametoka sokoni alfajiri akapita kwangu kabla ya kufungua biashara.

"Umepata?"

"Nimepata. Taimingi ilikuwa imesogea."

"Imesogezwa na nini?"

Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu. Boaz alikuwa amenirudishia. Nikasema, "Bado naangalia."

Alinitazama, si kwa hasira. "Wewe pia unanificha," alisema. Akabeba gunia akaenda.

Jumanne, 7 Aprili

Nasike hakuja.

Jumatano, 8 Aprili

Hakuja. Mvua imepasua bati la jirani.

Alhamisi, 9 Aprili

Kii imefika. Nimeiweka. Imeingia bila kulazimishwa, imekaa sawa. Nikasafisha shafti na tundu la flaiwili kwa petroli mpaka vikakauka, maana flaiwili ikiteleza kwenye oili hata kii nzuri haina kazi. Nikakaza nati kwa spana ndefu, uzito wangu wote juu yake, na mimi si mtu mwembamba.

Kisha taimingi. Nilirudia kizuizi na chaki. Safari hii katikati ya chaki na alama vilikuwa mahali pamoja. Nikasafisha pointi, nikapima nafasi, nikaunganisha taa ndogo na betri ili ionyeshe zinapoachana. Nikazungusha polepole. Taa iliwaka, iliwaka, ikazimika. Nikaangalia alama: mahali pake. Silinda ya pili nayo hivyo hivyo.

Nikavuta kamba. Nakiri niliogopa. Niliishika kwa vidole tu, niweze kuiachilia. Ikawaka mara ya tatu. Nikaizima nikawasha tena, mara ishirini. Haikurudi hata mara moja.

Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya na hakuna aliyekuwa kwenye benchi kuiona.

Jumapili, 12 Aprili

Nilienda Kibera, Soweto East, nikamtafuta Nasike. Kibanda chake kiko chini ya yale magorofa mapya. Nilimwambia injini iko tayari, ndugu yake aje aichukue.

"Na sababu?"

"Sababu ataambiwa akija."

"Na nani?"

"Na mtu anayeijua," nikasema.

Aliendelea kukata sukuma. "Atakuja Jumamosi," alisema, macho kwenye kisu.

Kutoka hapo nilienda moja kwa moja Kabiro. Sikuingia ndani. Nilimwambia Boaz mlangoni: "Wanzala anakuja Jumamosi. Ama utamwambia wewe, ama nitamwambia mimi. Na msumari nitasema ni mimi nilikupa."

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

Akafunga mlango.

Alhamisi, 16 Aprili

Redio imesema mito ya magharibi imejaa. Hakuna habari ya Boaz.

Jumamosi, 18 Aprili

Wanzala alifika saa tatu asubuhi na dada yake. Ni mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi. Mkono wake wa kulia haugeuki. Kikombe cha chai alikishika kwa kushoto. Aliiamkia injini kwanza, akaweka kiganja juu yake, ndipo akanisalimia mimi.

Nilisema tungoje kidogo. Tukangoja. Ilipofika saa tano nikatoa kiberiti mfukoni, nikawa natafuta pa kuanzia, ndipo Boaz akaingia uwanjani. Plasta ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya plastiki kwa sababu ya mvua. Hakuketi.

"Wewe ndiye Wanzala."

"Ni mimi."

"Mimi ni Boaz. Nilifunga injini yenu." Alichukua kiberiti mkononi mwangu, akamwaga vile vipande viwili juu ya benchi. "Hii ndiyo hushikilia taimingi. Nilichonga kutoka kwa msumari, sababu sikutaka kungoja ya ukweli itoke Kisumu. Na nati sikukaza vizuri. Ilikatika. Mkono wako haukuwa na makosa."

Wanzala aliokota kipande kimoja, akakigeuza. Nilidhani atampiga. Nasike naye alidhani hivyo, maana alisimama.

"Ngoja," Wanzala alisema. Akatoa simu kwa mkono wa kushoto, akapiga, akaweka sauti ya nje. "Mwenyekiti? Niko Nairobi kwa fundi. Kuna kitu anataka kusema." Akamwelekezea Boaz simu. "Sema tena. Vile umesema."

Boaz alisema tena. Katikati mtandao ukakatika, na yule mwenyekiti wa kanisa akauliza, "Sikusikia. Nani alichonga?"

"Mimi. Boaz Murunga." Akaanza upya tangu mwanzo. Msumari, nati, taimingi. Mara ya tatu. Mafundi wa kuchomelea walikuwa wamezima mashine zao. Watu ambao Boaz amewatengenezea pampu miaka ishirini walisimama mlangoni wakisikia.

"Kwa hivyo kijana hakuwa amelewa," simu ikasema.

"Hakuwa amelewa. Mimi pia imenivunja mkono na nilikuwa nimekunywa chai."

Hakuna aliyecheka. "Sawa," mwenyekiti alisema. "Tumesikia."

"Mliniondoa mbele ya watu," Wanzala alisema. "Nirudisheni mbele ya watu."

Tulimsikia akiuliza mtu kando yake. Kisha: "Jumapili ya wiki ijayo. Njoo na injini."

Baada ya hapo Wanzala akataka kuiwasha. Alivuta kwa mkono wa kushoto. Kila mara kabla ya kuvuta aliiangalia kamba, na kila mara alivuta hivyo hivyo. Ikawaka mara ya pili. Akaizima, akawasha, akaizima, akawasha, mpaka akaacha kuiangalia kamba. Tulisimama kwenye mvua tukimngoja. Boaz aliangalia chini.

Wakati wa kuipakia Wanzala alimwambia Boaz neno moja tu la ziada: "Huo mkono uangaliwe tena hospitali. Wangu ulifungwa vibaya."

Nasike alibaki nyuma. "Wewe ulijua tangu lini?"

"Tarehe ishirini na tano mwezi uliopita. Na msumari nilimpa mimi, bila kujua ni wa nini."

"Wiki tatu na zaidi."

"Ndiyo."

"Siku ile niliuliza."

"Uliniuliza."

Alitikisa kichwa, akamfuata ndugu yake. Hakuniaga.

Jumatatu, 20 Aprili

Pampu moja. Wateja wawili wamepita mbele ya uwanja bila kuingia.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua. Hakuna kazi.

Jumatatu, 27 Aprili

Shule zimefunguliwa. Saa nne Nasike alituma ujumbe: "Jana wamemrudisha. Leo wamevusha watoto kumi na wanane, safari mbili." Hakuna salamu. Nimeusoma mara kadhaa. Nikampigia Boaz nikamsomea na yeye.

"Ni yeye alikuwa anaendesha?" aliuliza.

Nikamuuliza Nasike. Akajibu: "Ni yeye."

Jumatano, 6 Mei

Kazi tatu leo. Kinyozi amerudi na jenereta yake, akasema alisikia hapa mafundi husema ukweli. Sikujua kama ananicheka.

Jumanne, 12 Mei

Mvua imepungua. Boaz amerudi kazini leo, plasta imetolewa, mkono umebaki mwembamba na mweupe kama wa mtu mwingine. Amefungua pampu ya kanisa la jirani na ameitengeneza asubuhi yote, polepole. Alipofika mahali pa kurudisha kifuniko alisimama.

"Ngina," aliita. "Kuja uangalie kabla sijafunga."

Miaka kumi na miwili sijawahi kusikia akisema hivyo kwa mtu. Nilifuta mikono nikaenda. Niliangalia kila kitu, bila haraka, yeye akiwa amesimama kando yangu. Nikapata waya mmoja haujashika. Sikuukaza. Nilimwonyesha kwa kidole, akaukaza mwenyewe.